Nyumba za bei nafuu: Somo la miaka 50 la Montgomery

Kaunti ya Montgomery, katika jimbo la Maryland, inapakana na Washington, mji mkuu wa Marekani, na ni miongoni mwa maeneo yenye kipato cha juu kabisa nchini humo.

Hata hivyo, kwa nusu karne sasa kaunti hiyo imekuwa ikihangaika na swali moja: muuguzi, mwalimu msaidizi, dereva wa basi na mfanyakazi wa dukani, ambao wote wanahitajika na kaunti, wataishi wapi?

Jibu lake la kwanza lilikuwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1974. Sheria hiyo ilizilazimisha kampuni za ujenzi kutenga sehemu ya kila mtaa mpya kwa ajili ya familia zenye kipato cha wastani. Leo mamia ya miji na kaunti nchini Marekani zina sheria za namna hiyo, na Montgomery hutajwa kuwa ndiyo iliyotangulia.

Lakini historia ya kaunti hiyo ina somo jingine ambalo halitajwi sana. Kujenga nyumba ya bei nafuu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, na pengine ndiyo ngumu zaidi, ni kuhakikisha kwamba nyumba hiyo inabaki kuwa ya bei nafuu.

Hesabu ya mshahara

Nchini Marekani, nyumba huhesabiwa kuwa nafuu iwapo familia haitumii zaidi ya asilimia 30 ya kipato chake kuilipia. Anayetumia zaidi ya hapo huhesabiwa kuwa ameelemewa.

Katika Montgomery, kodi ya nyumba yenye vyumba viwili vya kulala kwa kawaida hupita dola 2,000 kwa mwezi, yaani dola 24,000 kwa mwaka. Kwa kipimo hicho cha asilimia 30, mpangaji anapaswa kuwa na kipato cha dola 80,000 kwa mwaka.

Kaunti hiyo imejiwekea kima cha chini cha mshahara kilicho juu zaidi ya kile cha serikali kuu. Kuanzia Julai 2024, waajiri wakubwa walitakiwa kulipa dola 17.15 kwa saa. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, mwaka mzima, kwa kiwango hicho anapata dola 35,672 kabla ya makato. Mume na mke wakifanya kazi hiyo wote wawili, wanapata dola 71,344. Bado hawajafika dola 80,000.

Linganisha na kipato cha kati cha eneo zima la Washington, ambacho serikali kuu ilikikadiria kuwa dola 154,700 kwa familia ya watu wanne katika mwaka 2024. Kipato hicho cha wenye nacho ndicho kinachopandisha bei ya nyumba. Asiye nacho hushindana katika soko lile lile.

Jambo hili linawagusa wahamiaji kwa namna ya pekee. Takriban theluthi moja ya wakazi wa kaunti hiyo, yenye watu zaidi ya milioni moja, walizaliwa nje ya Marekani. Mji wa Silver Spring unajulikana kwa jamii yake kubwa ya Waethiopia, na Waafrika Mashariki wengine wengi wanaishi na kufanya kazi katika eneo hilo la Washington na vitongoji vyake.

Kwa wengi wao, mshahara huo huo mmoja ndio unaolipa kodi ya nyumba Maryland na karo ya wadogo zao huko walikotoka. Kodi ikipanda, pande zote mbili huumia.

Ardhi na mipaka yake

Msomaji wa Kenya, ambaye amezoea kaunti zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa mwaka 2013, atatambua mara moja ni kwa nini kaunti inalaumiwa au kusifiwa katika suala hili. Huko Montgomery, baraza la kaunti ndilo lenye kauli kubwa kuhusu matumizi ya ardhi: wapi pajengwe ghorofa, wapi pajengwe nyumba moja moja, na wapi pasijengwe kabisa.

Mwaka 1980, kaunti ilitenga ekari zipatazo 93,000, takriban theluthi moja ya eneo lake, kuwa hifadhi ya kilimo. Humo, kwa ujumla, hairuhusiwi kujenga zaidi ya nyumba moja katika kila ekari 25. Wenye mashamba walipewa fidia ya aina yake: waliruhusiwa kuuza haki zao za ujenzi kwa kampuni zinazojenga katika sehemu nyingine za kaunti.

Hifadhi hiyo imeokoa mashamba na vyanzo vya maji ambavyo vingemezwa na mji. Lakini imemaanisha pia kwamba watu wanaoongezeka lazima waenee katika ardhi iliyobaki. Na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ya makazi imetengewa nyumba moja kwa kiwanja kimoja.

Matokeo yake ni rahisi kuyaelewa. Watu na ajira vinapoongezeka huku viwanja na vibali vya ghorofa vikibaki vichache, bei hupanda.

Sheria iliyopita kwa nguvu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, vyama vya kiraia, vikiwemo vya wanawake na vya kutetea usawa katika makazi, vilianza kulishinikiza baraza la kaunti. Hoja yao ilikuwa kwamba vitongoji vipya vilikuwa vikijengwa kwa matajiri peke yao, na hivyo kuwafungia mlango Wamarekani weusi na wafanyakazi wa kawaida bila hata kuandika neno la ubaguzi.

Kikwazo kilikuwa cha kisheria. Katika kaunti ya Fairfax, iliyo ng'ambo ya mto Potomac katika jimbo la Virginia, sheria ya mwaka 1971 iliyozitaka kampuni za ujenzi kutenga nyumba za bei nafuu ilibatilishwa na Mahakama Kuu ya jimbo hilo mwaka 1973. Mahakama ilisema kwamba kumlazimisha mtu auze mali yake kwa bei ya chini ni sawa na kumnyang'anya bila fidia.

Montgomery ilijifunza kutokana na kesi hiyo. Badala ya kutoa amri peke yake, iliambatanisha amri na zawadi: kampuni inayotenga nyumba za bei nafuu inaruhusiwa kujenga nyumba nyingi zaidi ya zile ambazo kiwanja chake kingeruhusiwa kwa kawaida.

Utaratibu wa awali ulikuwa hivi. Kila mradi wenye nyumba 50 au zaidi ulitakiwa kutenga asilimia 15 ya nyumba hizo. Kampuni nayo iliweza kuongezewa hadi asilimia 20 ya idadi ya nyumba.

Tuchukue mfano wa kiwanja kilichokuwa na kibali cha nyumba 100. Kwa nyongeza hiyo, kampuni ingejenga nyumba 120. Asilimia 15 ya 120 ni nyumba 18, ambazo zingeuzwa au kupangishwa kwa bei nafuu. Zinabaki nyumba 102 za bei ya soko, mbili zaidi ya zile ambazo kampuni ingekuwa nazo mwanzoni.

Mkuu wa kaunti wa wakati huo, James Gleason, hakuridhika kwamba sheria hiyo inaafiki katiba, akaikataa kwa kura ya turufu. Baraza liliitengua kura hiyo, na sheria ikaanza kutumika mwaka 1974. Nyumba za kwanza zilikamilika mwaka 1976.

Viwango vimebadilishwa mara kadhaa tangu wakati huo. Miradi midogo zaidi imejumuishwa, na mwaka 2018 baraza liliamua kwamba katika sehemu tajiri zaidi za kaunti kiwango cha chini kiwe asilimia 15, badala ya asilimia 12.5 inayotumika kwingineko. Kwa jumla, nyumba zaidi ya 15,000 zimejengwa chini ya mpango huo, bila kaunti kununua matofali wala saruji.

Milango ilipoachwa wazi

Hapo ndipo lilipojitokeza kosa lililoigharimu kaunti kwa miongo mingi.

Sheria ya mwanzo iliweka masharti ya bei kwa miaka mitano tu. Baada ya muda huo, aliyenunua nyumba kwa bei nafuu alikuwa huru kuiuza kwa bei ya soko. Familia ya kwanza ilifaidika sana. Familia iliyofuata haikupata chochote.

Mwaka 1981, nyumba za kwanza zilipoanza kutoka katika masharti hayo, baraza liliongeza muda hadi miaka 10 kwa nyumba za kuuza. Aidha uliwekwa utaratibu kwamba muda huo ukiisha na nyumba ikauzwa kwa bei ya soko, nusu ya faida ya ziada irudi katika mfuko wa nyumba wa kaunti.

Lakini fedha si nyumba. Nusu hiyo ya faida haikutosha kujenga nyumba nyingine katika mtaa ule ule, kwa kuwa ardhi ilikuwa imekwisha panda bei. Sehemu kubwa ya nyumba za kuuza zilizojengwa katika miongo mitatu ya kwanza zimekwishatoka katika mpango na haziwezi kurudi.

Ni mwaka 2005 tu ndipo sheria mpya ilipoanza kutumika: masharti ya miaka 30 kwa nyumba za kuuza, na miaka 99 kwa nyumba za kupangisha. Kwa nyumba za kuuza, ikiwa mwenye nyumba ataiuza kabla ya miaka 30 kwisha, mnunuzi mpya huanza kuhesabu upya.

Mabadiliko hayo yana gharama kwa mwenye nyumba, na ni haki kusema hivyo. Nyumba ndiyo akiba kubwa kuliko zote kwa familia nyingi za Marekani. Anayenunua nyumba ya mpango huu anapata makao ya uhakika katika mtaa mzuri, lakini hatajirika nayo kama jirani yake. Kaunti imeamua kwamba faida ya watu wengi watakaofuata ina uzito zaidi ya faida ya mmoja.

Watoto darasani

Sheria ya 1974 ilikuwa na kipengele kingine kisicho cha kawaida. Tume ya nyumba ya kaunti, ambayo ni chombo cha umma, inayo haki ya kununua sehemu ya nyumba hizo, takriban theluthi moja, na kuzipangisha kwa familia maskini zaidi.

Kwa njia hiyo, familia ambazo katika miji mingine zingerundikwa katika majengo ya serikali upande mmoja wa mji, zilitawanywa katika mitaa ya kawaida. Na kwa kuwa shule za msingi za umma huchukua watoto wa mtaa, watoto wa familia hizo waliingia katika shule zile zile wanazosoma watoto wa majirani wenye uwezo.

Mwaka 2010, mtafiti Heather Schwartz alichapisha uchunguzi wa takriban wanafunzi 850 wa familia hizo kati ya mwaka 2001 na 2007. Kwa kuwa familia zilipangiwa nyumba kwa bahati nasibu, iliwezekana kulinganisha watoto waliofanana kwa hali lakini waliosoma shule tofauti.

Waliosoma katika shule zenye wanafunzi maskini wachache walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao waliokwenda katika shule zenye maskini wengi, ijapokuwa hizi za pili zilikuwa zimeongezewa fedha na kaunti. Kufikia mwisho wa shule ya msingi, pengo kati yao na wanafunzi wasio maskini lilikuwa limepungua kwa nusu katika hisabati, na kwa theluthi moja katika kusoma.

Uchunguzi huo ulionyesha kuwa mahali nyumba ilipo ni sehemu ya thamani yake, sawa na paa na kuta.

Fedha inayozunguka

Sheria ya 1974 ina udhaifu mmoja wa kimaumbile: nyumba za bei nafuu hupatikana pale tu kampuni binafsi zinapoamua kujenga. Riba ikipanda au wawekezaji wakijitoa, nyumba za kila aina hupungua.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2021 kaunti ilianzisha mfuko wa ujenzi wa nyumba ukiwa na dola milioni 50, ambao baadaye uliongezwa hadi dola milioni 100. Mfuko huo uko chini ya tume ya nyumba.

Kwa kawaida, kampuni inayojenga ghorofa hukopa sehemu ya fedha benki, na sehemu nyingine huipata kwa wawekezaji ambao hutaka faida kubwa. Mfuko wa kaunti unachukua nafasi ya wawekezaji hao kwa miaka michache ya ujenzi, kwa riba ndogo zaidi. Jengo likishakamilika na kupata wapangaji, hupatiwa mkopo wa muda mrefu, mfuko unarudishiwa fedha zake, na fedha hizo zinakwenda kujenga jengo jingine.

Jengo la kwanza la mfuko huo, lenye nyumba 268, lilifunguliwa mwaka 2023 karibu na kituo cha treni cha Shady Grove. Takriban asilimia 30 ya nyumba zake ni za bei nafuu. Zilizobaki hupangishwa kwa bei ya soko, na kodi yake husaidia kulibeba jengo.

Tofauti kubwa iko katika umiliki. Tume ya nyumba, ikishirikiana na kampuni binafsi, ndiyo yenye hisa nyingi katika jengo hilo. Chombo cha umma kinapokuwa ndicho mmiliki mkuu, hakuna mtu wa nje anayesubiri masharti yaishe ili apandishe kodi. Ni jibu la moja kwa moja kwa kosa la miaka mitano.

Mabishano yanaendelea

Hatua hizo hazijamaliza upungufu, na wakazi hawakubaliani kuhusu hatua inayofuata.

Julai 2023, baraza lilipitisha sheria ya kudhibiti kodi, iliyoanza kutekelezwa Julai 2024. Nyongeza ya kodi kwa mwaka haiwezi kuzidi mfumuko wa bei pamoja na asilimia tatu, na kwa vyovyote haiwezi kupita asilimia sita. Majengo yasiyozidi umri wa miaka 23 yamesamehewa.

Wanaoiunga mkono wanasema mpangaji hawezi kusubiri miaka kumi ghorofa zijengwe huku kodi yake ikipanda kila mwaka. Wanaoipinga wanasema kampuni za ujenzi zitahamishia fedha zao ng'ambo ya mto, Virginia, ambako hakuna udhibiti huo, na mwishowe upungufu utaongezeka.

Mabishano makali zaidi yalihusu mitaa ya nyumba moja moja. Mwaka 2024, mapendekezo ya kuruhusu nyumba za familia mbili, tatu au nne katika mitaa hiyo yalikabiliwa na upinzani mkubwa katika mikutano ya hadhara. Wakazi walitaja msongamano wa magari, shule zilizojaa na mabadiliko ya sura ya mitaa yao. Mwaka uliofuata, baraza lilipitisha badiliko dogo zaidi, linalohusu viwanja vilivyo kando ya baadhi ya barabara kuu.

Anayefika na anayesubiri

Kwa familia inayotafuta nyumba, mpango wa Montgomery uko wazi lakini una masharti yake.

Anayetaka kununua nyumba ya mpango huo kwa kawaida lazima awe ananunua nyumba kwa mara ya kwanza, awe na kipato kisichozidi kiwango kilichowekwa, takriban asilimia 70 ya kipato cha kati cha eneo hilo, na awe amehudhuria mafunzo ya wanunuzi. Majina huchaguliwa kwa bahati nasibu, na anayeishi au kufanya kazi katika kaunti hupewa nafasi bora zaidi.

Sharti moja linafaa kukumbukwa na wale waliozoea kununua nyumba ugenini ili kuipangisha na kurudi nyumbani. Mnunuzi lazima aishi humo mwenyewe. Haruhusiwi kuigeuza kuwa biashara.

Mpango huo pia hauwafikii walio chini kabisa. Anayepata asilimia 70 ya kipato cha kati si tajiri, lakini yuko mbali na anayelipwa kima cha chini. Huyu wa pili hutegemea tume ya nyumba au ruzuku ya serikali kuu, na orodha za kusubiri ni ndefu mno.

Swali kwa Kenya

Suala hili lina mwangwi Afrika Mashariki, hasa nchini Kenya, ambako serikali ilitangaza lengo la kujenga nyumba 200,000 za bei nafuu kwa mwaka.

Tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara, pamoja na kiasi kama hicho kutoka kwa mwajiri, iliwekwa mwaka 2023. Mahakama Kuu iliamua Novemba mwaka huo kwamba tozo hiyo inakiuka katiba, na Bunge likapitisha sheria mpya iliyotiwa saini Machi 2024.

Mjadala wa Kenya umejikita zaidi katika nani alipe na nani apewe. Historia ya Montgomery inaongeza swali la tatu: mtu wa kwanza akishapewa, nini kitatokea siku atakapotaka kuuza? Sheria ya 2024 ilipopitishwa ilimtaka mnunuzi apate kibali cha bodi ya nyumba kabla ya kuuza. Uzito wa sharti hilo utajulikana miaka mingi baadaye, bei zitakapokuwa zimepanda na wanunuzi wenye fedha wakiwa mlangoni.

Montgomery ilichukua takriban miaka 30 kurekebisha kipengele kimoja cha sheria yake. Katika muda huo haikukosa wajenzi, wala fedha, wala nia njema. Maelfu ya nyumba zilizotoka katika mpango wake bado zipo, zimepakwa rangi na zina watu ndani. Zimekuwa tu nje ya uwezo wa wale ambao zilijengwa kwa ajili yao.